Miaka Miwili Baada ya Kupona

Amuri bin Saidi alikuwa fundi wa nguo katika mtaa wa Kikula, kwenye mji ambao Wazungu waliuita Jadotville na wenyeji waliendelea kuuita Likasi. Baba yake alikuja kutoka Kasongo na biashara ya chumvi, akaoa, akabaki. Amuri hakuipenda biashara. Alipenda kitambaa. Makarani wa mgodi walimletea suruali zao kwa sababu mikunjo yake ilisimama hata baada ya kufuliwa mara tatu.

Siku moja ya soko, mwaka 1955, alikuwa akishona kola huku akizungumza na mteja. Mteja akanyamaza katikati ya neno, macho yake yakiwa juu ya mashini ya kushonea. Amuri naye akaangalia. Sindano ilikuwa imepita katikati ya kidole chake cha shahada, kitambaa kimelowa damu, na yeye hakuwa amesikia chochote.

Alicheka, akasema mafundi wamezoea. Lakini alipofika nyumbani alichukua pini, akajichoma kidole kimoja baada ya kingine mbele ya mkewe Mayimuna. Vingine viliuma, vingine vilikuwa kama vidole vya mtu mwingine. Mayimuna akamweleza juu ya baka mgongoni mwa Amuri, jepesi kuliko ngozi yake yote, ambalo alikuwa analiona kwa miezi na kudhani ni joto. Wiki mbili baadaye Amuri alipanda gari la kupeleka wagonjwa, akaenda kukaa katika kambi ya wenye ukoma huko Kasungwe, upande wa mto Lufira, ng'ambo ya barabara ya Koni. Binti yao Mwanvua alikuwa na miaka mitatu.

Kambini alimeza vidonge vyeupe, wiki baada ya wiki. Ugonjwa ulisimama, lakini ulikuwa umeshachukua sehemu yake. Mkono wa kulia, kidole kidogo na cha pete vilijikunja na havikunyooka tena. Mkono wa kushoto, nyama ya chini ya dole gumba ilikauka, na vidole viwili vilifupika kwa sababu alishika sufuria ya moto na kuiachia pale tu aliposikia harufu. Pale Kasungwe hakuna aliyemtazama mara mbili. Wenzake walikuwa na mikono kama yake, au mibaya zaidi. Akajifundisha kufanya kazi kwa macho badala ya vidole. Alikata matairi ya magari yaliyotupwa, akatengeneza sandali nene kwa watu ambao nyayo zao hazikujua tena jiwe wala mwiba. Hakuna aliyetembea kambini bila sandali za Amuri, na vidonda vya miguu vilipungua mpaka muuguzi Germain akaandika jambo hilo katika ripoti yake.

Mwezi wa nane mwaka 1960 Germain alimkwaruza sikio kwa mara ya mwisho kutafuta wadudu wa ugonjwa, akapeleka maji yale chini ya darubini, akarudi akitabasamu. Mtawa Adrienne aliyesimamia kambi akampa Amuri karatasi yenye muhuri. Ugonjwa umekwisha, hawezi kumwambukiza mtu, yuko huru kwenda kwake. Amuri aliipokea, akashukuru, akaenda kuiweka chini ya godoro.

Ilikuwa wakati Katanga imejitenga na Kongo. Njiani kulikuwa na vizuizi vya askari, daraja hili limefungwa, lile linalindwa. Amuri akajiambia atasubiri njia itulie. Ndivyo alivyomwambia Germain. Kwa mkewe aliandika jambo lingine. Aliandika kwamba munganga wa kambi bado hajamwachilia, kwamba sikio lake bado lina wadudu, kwamba awe na subira. Barua alizibeba Matata, kaka yake Amuri, dereva wa lori, ambaye kila alipopita alisimama kwenye kibanda cha mlinzi barabarani, akaacha barua na sabuni, akaondoka bila kuzima injini. Tangu mwanzo hakuwahi kuingia ndani. Kwa hiyo hakuna aliyejua.

Miaka miwili ikapita hivyo. Sio kwamba hakuwakumbuka. Alikuwa na picha moja kichwani isiyotoka: Mayimuna ameketi upande wa pili wa sahani, anaitazama mikono ya mumewe, halafu anatazama pembeni, kwa heshima. Kila alipotaka kufunga mzigo wake, picha ile ilikuja na kukaa juu ya mzigo.

Mwisho wa mwaka 1962 askari wa Umoja wa Mataifa, ambao watu waliwaita Onu, walianza kusogea kutoka Elisabethville kuelekea Likasi. Wajandarme, askari wa Katanga, walivunja madaraja ya Lufira ili kuwazuia. Mlio wa baruti ulifika Kasungwe, vyombo vikatikisika mezani. Mtawa Adrienne na wenzake walikuwa wameshaitwa na wakubwa wao, wakaondoka na gari la mwisho. Germain alibaki na funguo za duka la dawa na watu mia moja na arobaini.

Kisha watu wa mjini wakaanza kufika. Ilikuwa asubuhi ya mvua, siku mbili kabla ya mwaka mpya. Walikuja kwa miguu, na magodoro vichwani, na kuku ndani ya vikapu. Walikuwa wamesikia kwamba wajandarme wanaorudi nyuma wanachukua magari, baiskeli na vijana, lakini kambi ya ukoma hawaingii, wanaiogopa. Basi wale ambao kwa miaka mingi walivuka barabara wasipite karibu na lango lile, sasa walisimama mbele yake wakiomba kuingia. Germain alifungua. Alisema tu kwamba wenyeji wana nyumba zao, wageni watalala shuleni na kanisani, na maji yanachotwa kwa zamu.

Amuri aliwaona kutoka dirishani mwa karakana yake. Akamwona Matata, bila lori, tope mpaka magotini. Nyuma ya Matata akaona mwanamke anayechechemea kidogo upande wa kushoto, kwa sababu utotoni alivunjika mguu akachelewa kuungwa. Amuri aliketi chini, chini ya dirisha, kati ya vipande vya matairi, na hakutoka.

Mwanvua alikuwa amekanyaga chupa njiani. Mayimuna alimpeleka kwa Germain, na wakati muuguzi anasafisha kidonda, alimwambia kwa sauti ndogo kwamba ana mume hapa, Amuri bin Saidi, anajua bado anaumwa, na kama sheria inamtaka amsalimie kwa mbali, atamsalimia kwa mbali. Germain hakuelewa. Alijibu kama mtu anayesahihisha kosa dogo, kwamba Amuri si mgonjwa, alishamaliza tangu mwezi wa nane mwaka sitini, karatasi anayo. Kisha akauona uso wake, akaelewa kwamba amesema zaidi ya alivyotakiwa.

Mayimuna alingoja kitambaa kifungwe mguuni mwa mtoto. Akamwacha na mke wa Germain, akauliza karakana iko wapi.

Amuri alikuwa amesimama sasa, mikono chini ya aproni ya ngozi. Wakasalimiana kama watu wa msibani. Hakumkaribisha kukaa, na yeye hakungoja kukaribishwa, alikalia rundo la mpira.

"Munganga anasema ulishapona tangu miaka mbili," Mayimuna alisema. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Iko muke mwingine hapa? Kama iko, sema tu. Minye nalitembea siku mbili mu mvula, siwezi kushindwa kusikia neno moya."

"Hakuna muke."

"Basi, juu ya nini?"

Amuri alitoa mikono chini ya aproni, akaiweka juu ya meza, mahali ambapo mwanga wa dirisha uliangukia. "Juu ya hii," alisema.

Mayimuna hakutazama pembeni. Aliiangalia mikono yote miwili, taratibu, mbele na nyuma, kama alivyokuwa akikagua kazi ya mumewe zamani kabla haijatoka kwa mteja. Halafu akauliza kama hiyo tu ndiyo sababu. Amuri akasema ndiyo hiyo. Akaeleza, na maneno yalitoka bila mpangilio. Kwamba fundi asiye na vidole ni nani. Kwamba msikitini watu wanapeana mikono. Kwamba alijua hatamfukuza, na hilo ndilo lililomtisha.

"Nalifikiri utaangalia kila siku, na kila siku utanyamaza," alisema. "Ukinifukuza, ningejua pa kwenda. Lakini kunyamaza, pale sina nafasi."

Mvua ilipiga bati. Mayimuna alikuwa na hasira, na hakuificha. Alimwambia kwamba miaka ile miwili aliilala peke yake kwa ajili ya wadudu ambao hawakuwepo. Kwamba mara tatu ndugu zake walimletea mtu wa kumwoa, na mara tatu alisema ana mume. Amuri alisikiliza kichwa chini. Alipomaliza, Mayimuna aliokota kipande cha mpira, akakigeuza mkononi, na aliposema tena sauti yake ilikuwa nyingine.

"Na minye pia niko na yangu. Ku Kikula hakuna muntu anajua weye uko hapa. Nalibaambia uko Ndola, unashona kwa Muhindi. Mutoto pia anajua vile. Kila Idi nanunua nguo, namwambia, baba yako anatuma."

Amuri aliinua kichwa. Mayimuna akaongeza kwamba watu walikuwa wakimuuliza habari za Ndola, na yeye akawa anatunga: nyumba ya matofali, mashini mpya, Mhindi mkali lakini mwenye haki. Mwaka jana alimwongezea Mhindi huyo kisukari. Alisema hivyo kwa huzuni kabisa, na hapo Amuri akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, hakuweza. Mayimuna alimkodolea macho, kisha kitu kikamshinda naye, akafunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika, na hakujulikana kama ni kicheko au kilio, mpaka alipofunua uso na ikawa ni vyote viwili.

"Mubongo na mubongo," alisema akijifuta, yaani waongo wawili. "Mungu alituunganisha sawa."

Kila mmoja alikuwa amebeba mzigo wake kwa kumficha mwenzake, na sasa yote miwili ilikuwa chini. Amuri alisema baadaye kwamba hata siku aliyopewa karatasi hakujisikia amepona. Alijisikia amepona pale, kando ya rundo la matairi, na pua ya mkewe inachuruzika.

Kwa Mwanvua walikwenda pamoja. Mayimuna alimwambia mtoto wazi kwamba alimdanganya, kwamba baba hakuwa Ndola, alikuwa hapa, mgonjwa, na huyu ndiye. Mwanvua, mwenye miaka kumi, alimtazama mtu huyo mwembamba kwa muda. Hakumkimbilia, wala hakujificha. Aliuliza kuhusu mikono.

"Inauma?"

"Hapana," Amuri alisema. "Hii njo taabu yake. Haiumi."

Mtoto alifikiri, akatazama mguu wake uliofungwa, ambao ulikuwa unamuuma sana. Akasema basi afadhali wa kwake. Siku iliyofuata alirudi karakana peke yake, akakaa mlangoni, akauliza kwa nini tairi lina nyuzi ndani. Siku ya tatu aliita "baba" bila kugundua kwamba ameita.

Matata alikuwa mgumu zaidi. Lori lake lilichukuliwa kwenye daraja lililovunjika, na hilo lilimwumiza, lakini kambi ilimwogopesha kuliko askari. Alilala karibu na uzio, akala mahindi aliyochoma mwenyewe. Germain alimweleza mara mbili kwamba mtu aliyemaliza dawa hawezi kumpa mtu ugonjwa. Alikubali kwa kichwa, miguu yake ikabaki palepale. Amuri hakumlazimisha. Alimtengenezea sandali, kwa kuwa viatu vyake vilioza, akampelekea uzioni. Matata alizitazama sana kabla ya kuzivaa.

Tarehe tano mwezi wa kwanza habari zikaja kwamba Onu wameingia Likasi na risasi zimenyamaza. Wageni wakaanza kufunga vitu. Mayimuna hakumuuliza Amuri kama anakuja. Alikunja kanga zake, akakunja na mashati ya Amuri, akazifunga katika furushi moja. Amuri aliwaaga wenzake nyumba kwa nyumba. Mzee mmoja asiye na vidole vya miguu alimwambia aende upesi kabla hajabadili nia, na kwamba kuanzia sasa watajikatia sandali wenyewe, walishamwibia ujuzi wote.

Njiani walikuwa kama watu sitini, wengi wao wa Kikula. Amuri alitembea katikati, furushi limefunika mikono. Majirani, ambao kambini hawakusogea upande wa karakana, walimsalimia. Wengine waliuliza kama ametoka Ndola lini. Mayimuna alifungua kinywa, akamtazama mumewe, na kabla hajaamua la kusema walifika kwenye kizuizi.

Askari wa Onu, watu wa India wenye vilemba, walikuwa wameweka mapipa barabarani. Mkalimani alitangaza kwamba kila mtu aweke mizigo chini, apange mstari, anyanyue mikono juu, wanatafuta silaha tu. Watu wote sitini wakainua mikono. Amuri alibaki ameshika furushi. Askari mmoja akamwelekea, na mkalimani akarudia, safari hii kwa ukali.

Akaliweka furushi chini. Akainua mikono.

Ilikuwa mchana mweupe, mvua imekatika, na mikono ile ilikuwa juu ya vichwa vya watu, mahali ambapo kila mtu wa Kikula angeweza kuiona. Nyuma yake alisikia mtu akivuta pumzi. Alifumba macho. Alingoja kitu kitokee. Alipofumbua, yule askari alikuwa mbele yake. Macho yake yalipita juu ya mikono ya Amuri kama yalivyopita juu ya mikono ya wengine, yakashuka mfukoni, kiunoni, miguuni. Akampapasa mbavu, akagusa furushi kwa mguu, akasema neno moja, akaenda kwa anayefuata. Kumbe mikono ile haikuwa silaha, basi.

Mikono ikashushwa, mizigo ikabebwa. Amuri alianza kutembea, na baada ya hatua chache aligundua kwamba furushi liko begani na mikono iko nje, inaning'inia kando yake, na hewa inaipiga. Mwanamke mmoja jirani, Simone, mke wa mfanyakazi wa reli, alikuwa ameona vizuri. Aliongeza mwendo akatangulia mbele.

"Sasa banajua bote," Mayimuna alisema.

"Banajua," Amuri alijibu. Alisema amechoka na Mhindi yule hata hivyo, na ugonjwa wake wa sukari.

Nyumba yao ilikuwa imeporwa, lakini mashini ilikuwepo, kwa sababu Mayimuna aliizika chini ya kuni. Amuri alichukua wiki tatu kujifunza upya. Kushona kwa mkono alishindwa, matundu ya vifungo hakuyaweza, Mayimuna ndiye aliyeyafanya. Mishono mirefu aliiweza, polepole, akiitazama sindano kama mtu anayetazama nyoka. Wateja wengine hawakurudi, na wachache walipita upande wa pili wa barabara. Makarani wawili walirudi. Imamu alikuja mwenyewe siku ya Ijumaa, akampa mkono mbele ya watu, akaushika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika mpaka Amuri akaona haya, lakini haya nyingine, isiyochoma. Matata alikuwa akija kusalimia kutoka kizingitini. Alikuwa bado hajakubali kula. Amuri alisema ataendelea kumwekea sahani, na kwamba yeye mwenyewe alichukua miaka miwili, kwa hiyo si haki kumharakisha kaka yake.

Katikati ya mwezi wa Ramadhani, alasiri ya joto, Simone aliingia karakana. Alileta blauzi ya mikono mirefu, akasema inabana. Haikubana. Alizunguka kidogo, akauliza habari za mtoto, akatazama mlango. Kisha akasema haraka kwamba siku ile ya kizuizi hakukimbia kwa sababu ya kumdharau.

Akapandisha mkono wa gauni. Chini ya kiwiko kulikuwa na baka la ukubwa wa kifuniko cha birika, jepesi kuliko ngozi yake.

Alikuwa nalo miezi minane. Mume wake hakuliona kwa sababu alivaa mikono mirefu hata kitandani. Alikwisha kwenda kwa mtu wa dawa za miti, akaambiwa ni wivu wa jirani. Amuri alimwita Mayimuna aje asimame nao. Akamwambia Simone afumbe macho, aseme "hapa" kila atakapoguswa. Akachukua ncha ya uzi, akagusa vidole kimoja kimoja, na kila mara akajibiwa. "Hapa." Akagusa juu ya kiwiko. "Hapa." Akagusa katikati ya baka, mara mbili, tatu. Simone alisubiri, macho yamefumbwa, akiamini bado hajaguswa.

Amuri aliweka uzi chini. Alimwambia anavyoliona, na kwamba lazima munganga athibitishe, yeye ni fundi wa nguo tu. Alimwambia kwamba siku hizi ukiugundua ugonjwa mapema unaweza kumeza dawa ukiwa kwako, na kwamba kwenye dispansari ya mjini vidonge vimeanza kutolewa tena.

Simone aliuliza swali moja tu, huku akiitazama mikono ya Amuri waziwazi.

"Minye pia nitakuwa vile?"

"Haina lazima," Amuri alisema. "Vidole vyako vyote vinasikia, nimeona. Ukianza dawa sasa, haitafika huko. Na kama ingefika, mama, muntu anaikala muzima. Minye niko."

Mwanamke yule aliketi kwenye kiti cha wateja, akatoa pumzi ndefu kama mtu aliyetoka chini ya maji. Akakunja mikono ya gauni lake, wa kushoto na wa kulia, mpaka juu ya viwiko, akajipepea kwa blauzi. Alisema hajasikia upepo kwenye ngozi tangu mwezi wa sita. Mayimuna alimletea maji, na kwa kuwa wao walikuwa wamefunga, alikunywa peke yake, akiomba radhi kati ya funda na funda.

Kesho yake walikwenda dispansari watatu, asubuhi, kabla jua halijapanda, Mayimuna akiwa katikati, wakizungumza juu ya bei ya samaki.